Mke wa Kipa Agombe Kwanza

Mkasi wa kitambaa haukatiwi karatasi. Hilo analijua hata mtoto wa fundi cherehani anayetambaa. Mume wangu, mtu mzima mwenye mvi kwenye ndevu, amelala chumba kimoja na cherehani yangu tangu tuoane, na bado asubuhi ya mechi ya kwanza ya Kombe la Taifa nilimkuta amekaa sakafuni, ulimi nje, anakata boksi kwa mkasi wangu ili atie vipande kwenye soksi akinge ugoko.

Nieleze kwanza, usije ukaniona mkali bure. Mume wangu ni mwokaji katika kiwanda cha mikate, na ni kipa wa timu ya kiwanda hicho, inayoitwa Hamira ingawa haijawahi kuumuka. Wiki nzima anatoka kabla jogoo hajawika na kurudi anasinzia huku anatembea. Inabaki Jumapili, na Jumapili anaupa mpira. Mwanzoni mwa mwaka nilimkalisha mbele ya mama yake, nikamwambia mimi sikuolewa na glavu. Akaapa, mama mkwe akiwa shahidi, kwamba siku Hamira ikitolewa kwenye Kombe anatundika glavu, na Jumapili zote ni zangu. Nilikubali haraka, maana Hamira hutolewa mechi ya kwanza kila mwaka. Nikajishonea gauni la bluu la kutokea naye, nikalitundika ukutani lisubiri.

Sasa huo mkasi. Nilimfokea kutoka sebuleni hadi getini. Nilianza na mkasi, nikapitia paa la jiko linalovuja, nikamalizia na shangazi yake aliyeninunia siku ya harusi. Gari la mikate, ambalo ndilo basi la timu, lilikuwa limesimama nje na wachezaji wote ndani, kimya, wanasikiliza neno kwa neno. Jioni wakarudi wanaimba. Wameshinda bao moja kwa bila, na mume wangu, ambaye mtaa mzima unamwita Mlango Wazi, hakupitwa hata na nzi.

Kocha wao ndiye dereva wa gari hilo la mikate siku za kazi, na ni mtu wa imani zake. Akishinda amevaa soksi iliyotoboka, soksi hiyo haivuliwi mpaka timu ifungwe. Mechi ya pili ilipokaribia alikuja kwangu na nahodha, wakakaa ukingoni mwa viti kama waliokuja kuposa, wakaniomba kwa adabu zote nimgombeze kipa tena. Niliwacheka. Nikawaambia hasira si bomba la maji, useme utafungua ukitaka. Asubuhi gari lilipofika nikawatakia safari njema. Hakuna aliyetikisika. Kocha akashuka, akaingia ndani, akachukua mkasi wangu mezani na kipande cha boksi, akakata taratibu huku ananitazama usoni.

Siku hiyo kipa aligombezwa, kocha akagombezwa, na aliyemzaa kocha akatajwa. Tulishinda mbili kwa moja. Nimesema tulishinda? Walishinda.

Tangu hapo ikawa sheria. Majirani walianza kuja na viti vyao asubuhi ya mechi. Muuza magazeti wa kona akawa ananipa maksi. Siku moja akasema leo umemkaripia juu juu, mtaponea kwenye penati, na kweli waliponea huko huko. Timu kubwa zenye mabasi ya viyoyozi zikawa zinaangushwa na waoka mikate, na mimi naishiwa makosa ya mume wangu. Ilifika mahali nikawa nampekua mifuko kutafuta kosa jipya. Gauni nalo likashika vumbi mabegani.

Hamira ilipoingia nusu fainali ndipo akili ikanijia, nikajiona mjinga. Ufunguo si ninao mimi? Kama ukali wangu ndio unaowavusha, basi dawa ni upole. Nikimbembeleza watafungwa, na Jumapili inayofuata nimo ndani ya bluu yangu.

Asubuhi ile nilimwandalia chai na mayai. Nikampigia viatu brashi. Nikamwita laazizi. Nikamsindikiza hadi garini nimemshika mkono, na mbele ya wote nikamwambia, "Mume wangu, ukifungwa usijali. Mimi nakupenda hivyo hivyo."

Ungeziona nyuso zao. Nahodha alikaa kitako juu ya kreti. Kocha alinitazama kana kwamba nimemtoboa tairi. Mume wangu midomo ilikuwa imempauka. Nikarudi ndani nacheka peke yangu, nikalipiga gauni pasi.

Walishinda tatu bila. Mume wangu alirudi mbio, jezi hajavua, akapitiliza chumbani, akafungua kabati. Alipoona nguo zangu zipo ndipo akaketi. Akanieleza kwamba tangu anijue hajawahi kusikia maneno kama yale kinywani mwangu, hivyo alijua ama naondoka ama nina ugonjwa namficha. Kila mpira aliurukia kwa roho yote, maana mechi ikienda sare wangeongezewa muda, naye alitaka kuwahi nyumbani.

"Kwani unataka nini, mke wangu?" akauliza.

"Nakutaka wewe," nikamwambia. "Siku ya Jumapili. Basi."

Aliliangalia lile gauni kwa muda mrefu.

Ikabaki fainali. Kocha hakujua tena dawa ni ukali au upole, kwa hiyo akaniomba nipande gari niende nao, ili itakapohitajika yoyote kati ya hizo iwe karibu. Nikavaa bluu yangu, nikakaa katikati ya makreti yanayonukia mikate. Nilijiambia naenda kuwatazama wakitolewa.

Loo, moyo hauna adabu. Mshambuliaji wa wapinzani alipomkanyaga mume wangu mkono, nilijikuta nimesimama juu ya kiti. Nilimfokea mshambuliaji, nikamfokea refa, nikawafokea washika vibendera. Kisha nikamgeukia kipa wangu: simama wima, sogea kushoto, unalala hapo kwani ni kwako? Akawa anadaka kila kinachokuja. Jukwaa zima likahamia upande wangu kusikiliza. Mpaka dakika za lala salama hakuna aliyekuwa amefunga, na hapo refa akawapa wale penati.

Mume wangu alisimama mstarini, akageuka kunitafuta. Nikafungua mdomo. Sauti hakuna. Nilikuwa nimeimaliza yote, koo linatoa upepo tu. Nilipunga mikono, nikavua kiatu nikamwonyesha, lakini yeye alikuwa anangoja neno. Filimbi ikalia bado ananitazama mimi, na mpira ukampita.

Kulikuwa na ubishi kidogo kama kufungwa fainali ni kutolewa. Mama mkwe akaamua kwamba ni kutolewa. Lakini mume wangu hakungoja hukumu hiyo. Pale pale uwanjani alipanda ngazi za jukwaa, akaniwekea glavu mapajani, akasema, "Jumapili zako hizo." Nililia mpaka gauni likalowa kifuani, na sikulia kwa furaha. Nililitaka lile kombe, nililitaka kama kichaa.

Basi ikafika Jumapili yangu. Mume wangu alinyoa ndevu, akavaa shati jeupe nililomshonea, na mimi nikavaa bluu. Tulikuwa tunatoka mlangoni honi ikalia getini. Kocha akaingia, kofia mkononi. Alimsalimia mume wangu haraka haraka, akampita, akaja kwangu. Leo wana mechi ya ligi, akasema. Kipa mpya yumo garini, kijana mzuri lakini hajaoa, hana wa kumgombeza.

"Shemeji, dakika moja tu."

Nikasema hapana, leo ni siku yetu sisi wawili, na nilimaanisha. Nikatupa macho garini. Kipa mpya alikuwa ameinama, anakata boksi la kukinga ugoko, na ule mkasi niliujua. Ndipo nikaelewa kwa nini jana yake kocha alileta suruali nimpunguzie, kisha akakaa karibu na meza yangu kuliko ilivyohitajika.

Nilimpa mume wangu mkoba anishikie, nikamwambia narudi sasa hivi. Nilianzia mlangoni. Getini ndiyo kwanza nilikuwa napata moto, na kwa kuwa yule kijana hakusikia vizuri nikapanda garini nimweleze kwa karibu. Kocha akatia gia. Nilipogutuka tulikuwa tunakaribia kona, wachezaji wameninyamazia kama wanafunzi, na mimi bado sijafika kwenye paa la jiko.

Nikageuka nyuma. Mume wangu alikuwa getini na shati lake jeupe, mkoba wangu ameukumbatia kifuani.

"Na Jumapili yangu je?" akaita.