Mstari wa Penina

Penina hakuwa mtu wa kubabaika. Jumanne ile, mwaka 2004, alipokuta kwenye kompyuta ya kafe tangazo lenye jina lake ambalo hakuliandika, alivua miwani, akaifuta kwa khanga, akasoma tena.

Tangazo lilisema mkutano wa chama cha wakulima wa kahawa, wa kuamua kama kiwanja cha mashine ya kumenyea kiuzwe, umetolewa Jumamosi na kuletwa Alhamisi. Alhamisi ni gulio la Ngaramtoni. Wanawake, ambao ndio waliokataa kuuza, wangekuwa sokoni na ndizi zao, na wanaume wachache wangekiuza kiwanja wapendavyo.

"Baba Twahira, hili limeghushiwa."

"Shikamoo kwanza, mama," alisema Najim, baba yake Twahira, mtu wa Tanga mwenye kafe hiyo ya intaneti pale Kijenge. Ndiye aliyewafundisha sahihi za kompyuta, baada ya mtu kutoa tangazo la uongo kwa jina la chama mwaka juzi. Katibu, yaani Penina, ana ufunguo wa kutilia sahihi, faili kwenye disketi, nao haufanyi kazi bila maneno ya siri. Tangazo likibadilishwa hata nukta, kompyuta inalikataa. Watoto wa wanachama walioko Dar na ng'ambo hulikagua kwanza, ndipo wapige simu nyumbani.

"Nimelikagua mara tatu," Najim aliendelea. "Sahihi ni yako."

"Disketi iko kabatini kwangu."

"Na maneno ya siri, nani anayajua?"

"Mimi na Mungu," alisema Penina.

Maneno hayo yalikuwa mstari wake wa Biblia wa kipaimara, kwa kuwa hawezi kuusahau. Na cheti cha kipaimara kilikuwa sebuleni, ndani ya fremu, mstari umeandikwa kwa herufi za mapambo. Miaka thelathini wageni wamekunywa chai chini yake. Lakini ufunguo wa kabati alikuwa nao mtu mmoja mwingine tu: mumewe Philemoni, waliyejifunza naye kompyuta hapo hapo kafeni, na ambaye tangu Pasaka wimbo wake ulikuwa kiwanja kiuzwe. Ilimuuma Penina, tena sana. Kikulacho ki nguoni mwako.

"Njia ni moja," Najim alisema. "Utangaze kwamba ufunguo huu umekufa. Lakini tangazo hilo nalo ulitie sahihi kwa ufunguo huo huo, la sivyo hataamini mtu. Na watauliza nani aliuiba."

"Watajibiwa."

Alipanda nyumbani kuchukua disketi. Philemoni alikuwa sebuleni na kikombe chake. Penina hakumuuliza kitu. Alifungua kabati, kisha akapanda stuli, akashusha fremu.

"Unaipeleka wapi?" Philemoni aliuliza.

"Kwa fundi. Aufunike mstari kwa mbao."

Saa kumi alikuwa Kijenge tena. Aliandika mstari wake, herufi kwa herufi, kwa mara ya mwisho, na tangazo likatoka:

"Ufunguo huu umekufa leo. Mkutano ni Jumamosi. Tangazo la Alhamisi si langu. Limeandikwa na mwenye ufunguo wa kabati langu. Nyumbani kwangu tunaishi wawili. Penina, katibu."