Mistari Kumi na Saba

Ijumaa hiyo saa nane mchana mashine ilitema karatasi ndefu yenye matundu pembeni, na kufikia saa nane na nusu mimi ndiye nilikuwa mkosaji.

"Mistari kumi na saba haiko," Johnstone akasema. "Kutoka Mwanzo mpaka Ufunuo kila kitu kiko sawa, isipokuwa Zaburi. Na Zaburi nani alisoma?"

Zaburi zote mia moja na hamsini nilizisoma mimi, Nduta, mama wa mtaa wa Langas niliyetoka shule darasa la tatu, na Adongo akazipiga taipu.

Wacha nieleze tulivyofika hapo. Johnstone Kipyego alikuwa mwalimu wa hesabu pale chuoni Chepkoilel, na mwaka wa themanini na tisa alipata barua kutoka kwa ndugu fulani wa ng'ambo. Hao ndugu walikuwa wametengeneza programu ya kujifunzia Biblia kwa kompyuta. Unaandika neno, tuseme "mvua", mashine inakuletea kila mahali mvua imetajwa kabla hujamaliza kupiga chafya. Na hawakuiuza. Hata maagizo yake ya ndani waliyaacha wazi, mtu yeyote ayasome, ayatengeneze, aongeze lugha yake. Ila kila lugha iandikwe na wenyewe, na kwa mpangilio mmoja: kitabu, sura, nambari ya mstari, kisha maneno, kila mstari peke yake. Lugha tisa zilikuwa zimeshaingia. Kiswahili hakikuwemo.

Johnstone akatafuta ruhusa ya tafsiri moja ya zamani, akaipata kwa barua yenye muhuri. Akaomba chumba cha kompyuta siku za Jumamosi na likizo, akapewa. Halafu akatangaza kanisani kwetu na kwa makanisa mengine mawili ya mjini, na tukaja watu kumi na wawili. Hakuna aliyelipwa. Hata chai tulibeba wenyewe kwa thamosi.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi: mmoja anasoma kwa sauti, mwingine anapiga. Mwanzoni walisoma vijana, na walisoma kama watu wanaofukuzwa na nyuki. Adongo, msichana aliyekuwa karani wa ofisi ya kanisa la Anglikana na vidole vyake vilijua kazi, siku moja akasukuma kiti nyuma akasema, "Mimi sitaki huyu tena. Nipeni yule mama anayesoma kama anamwaga uji kwa kikombe." Ndiyo nikapewa kiti cha msomaji. Nilikuwa nasoma Biblia kwa Woman's Guild, chama cha akina mama wa kanisa, miaka ishirini na mbili. Sijui hesabu za Johnstone, lakini mstari wa Biblia nikiusoma, umesomwa.

Mwaka mmoja na miezi miwili tulikaa hivyo. Sasa kazi imeisha, tunaipima. Ile programu ilikuja na kipimo chake: ilijua kila sura ina mistari mingapi, na ilikataa kitabu chochote chenye pengo. Na mgeni wa kubeba disketi zetu alikuwa anaondoka Eldoret Jumapili mchana kwenda kupanda ndege Nairobi. Kazi yetu ikikosa kufika, tungengoja toleo lingine, na toleo lingine lilikuwa miaka miwili mbele.

"Mistari kumi na saba si mingi," Adongo akasema. "Tunaandika, tunaenda nyumbani."

"Si hiyo kumi na saba inanisumbua." Johnstone alivua miwani akaifuta kwa tai. "Kama macho ya Mama yaliruka kumi na saba, ni mingapi aliisoma vibaya na mashine haijui? Mashine inahesabu tu. Haijui maneno. Lazima Zaburi zote zisomwe upya, na mtu mwingine."

"Zote?"

"Mistari elfu mbili, mia nne sitini na moja. Rael atasoma."

Rael alikuwa msichana aliyemaliza fomu foo mwaka uliopita, mwenye adabu sana. Aliangalia viatu vyake. "Mwalimu, hiyo haiwezekani kwa siku mbili."

"Basi haitawezekana. Lakini siwezi kutuma Neno la Mungu lenye makosa ulimwengu mzima, kisha watu waseme Wakenya walifanya haraka."

Adongo akajaribu kutuchekesha. "Pengine mashine imehesabu kama ule uchaguzi wa mlolongo wa themanini na nane, watu wakipanga laini nyuma ya wagombea. Laini fupi ndiyo imeshinda."

Watu watatu wakageuka kuangalia mlango kama umefungwa. Siku hizo mzaha wa namna hiyo uliweza kukulaza mahali hukupanga.

"Adongo, tafadhali," Johnstone akasema.

Nitasema ukweli, moyo wangu ulichomeka. Si kwa sababu ya kusahihishwa. Mtu wa darasa la tatu amezoea kusahihishwa. Lakini kazi ya watu kumi na wawili ilikuwa inakufa juu ya macho yangu, na mimi nilijua macho yangu hayaruki. Nyumbani nilikuwa nikichambua maharagwe kilo mbili na punje moja mbovu hainipiti.

"Johnstone," nikasema.

"Mama, usichukue vibaya. Hakuna anayekulaumu."

"Unanilaumu, na si vibaya. Ningekuwa wewe ningenilaumu. Lakini kabla hujanitoa kwa kiti, nisomee hizo nambari."

"Mama, saa zinaenda."

"Saa zilianza kwenda kabla sijazaliwa. Soma."

Akainua karatasi. "Zaburi ya kwanza: mstari wa pili, wa nne, wa sita."

"Endelea."

"Ishirini na tatu: wa pili, wa nne, wa sita. Arobaini na sita: wa pili, wa nne, wa sita, wa nane, wa kumi. Mia moja: wa pili na wa nne. Mia moja ishirini na moja: wa pili, wa nne, wa sita, wa nane." Akaishusha. "Unaona? Unaruka mmoja, unasoma mmoja. Ni jambo la macho, Mama. Hata babangu linampata."

"Rudia tena. Polepole."

Akarudia, na safari hii nilifunga macho. Ya kwanza. Ishirini na tatu. Arobaini na sita. Mia moja. Mia moja ishirini na moja. Nikaziona si kwa karatasi, nikaziona mahali zinakaa: arusini, kwa ushirika wa Alhamisi, kando ya kaburi udongo ukiwa bado mbichi. Hizo tano hakuna mtu Eldoret anazisoma. Watu wanazijua.

Kicheko kikanipanda kutoka tumboni nikashindwa kukizuia. Rael akafikiri nalia, akaniletea kitambaa.

"Mama, ni nini?" Adongo akauliza.

"Wewe Adongo, siku tulipofika ishirini na tatu, mikono yako ilikuwa wapi?"

"Kwa taipu. Ingekuwa wapi?"

"Na mdomo?"

Akakunja uso. Hakukumbuka. Mimi pia nilikuwa sijakumbuka mpaka dakika hiyo, maana ni kitu kama kupumua. Lakini kueleza kungechukua mchana wote, na Johnstone si mtu wa kuelezwa, ni mtu wa kuonyeshwa. Basi nikasimama, nikafungua Biblia, nikanyoosha leso kichwani kama ninavyofanya nikiwa mbele ya akina mama.

"Tusome Zaburi ya mia moja ishirini na moja," nikasema.

Nikasoma mstari wa kwanza, nikanyamaza.

Na chumba kizima kikaitikia wa pili. Wote. Adongo akaitikia, Rael akaitikia, wale wapiga taipu wengine pale nyuma wakaitikia. Nikasoma wa tatu, wakaitikia wa nne. Nikasoma wa tano, na katika ule wa sita nikasikia sauti nene inayoongoza wenzake, nikainua macho. Ilikuwa ya Johnstone Kipyego, miwani mkononi, macho juu, anaitikia kama yuko kwaya.

Nikafunga Biblia. Sauti zikakatika kama redio iliyoishiwa na betri.

"Sasa," nikasema, "Adongo amepiga mistari gani?"

Adongo akaangalia mikono yake. Ilikuwa imekunjwa mapajani, vidole vimeshikana, mikono ya mtu aliye kanisani. Akaangalia ukurasa. Aliyokuwa amesomewa na mimi ni wa kwanza, wa tatu na wa tano. Ile mingine aliisema kwa mdomo wake mwenyewe, na kompyuta haina masikio.

"Uuuwi!" akapiga kelele. "Ni mimi! Nilimjibu Mungu nikasahau kupiga taipu!"

"Sote tulimjibu," Rael akasema. "Mimi pia nilikuwa hapa siku hiyo."

Johnstone alikaa chini juu ya sanduku la karatasi. "Lakini hizo zingine," akasema, mwalimu wa hesabu haachi kitu nusu. "Hii inaeleza kumi na saba. Haielezi zilizobaki."

"Basi zipime. Chagua wewe mwenyewe. Ndefu, fupi, popote."

Akachagua kumi. Alichagua vibaya kwa makusudi, zile zenye majina magumu na ile ndefu kuliko zote ambayo ilinikausha koo Jumamosi mbili. Rael akashika kitabu, Johnstone akaangalia kioo cha kompyuta, wakalinganisha neno kwa neno. Nilimimina chai nikanywa kikombe changu chote. Nikamimina cha pili. Walipofika ya kumi Rael alikuwa anatabasamu na anajaribu kujificha nyuma ya ukurasa.

"Makosa mangapi?" Adongo akauliza, ijapokuwa alikuwa ameketi pale pale anaona.

"Moja," Johnstone akasema. "Nukta imekosekana. Hiyo ni ya mpigaji."

"Ni ya mpigaji," Adongo akakubali kwa furaha kubwa.

Johnstone akaja mbele yangu. Alikuwa mrefu, ikabidi ainame. "Mama, kaa kwa kiti chako," akasema. "Tusomee."

Tukadhani sasa ni kazi ya dakika kumi. Thubutu! Nilisoma mstari wa pili wa ishirini na tatu, peke yake, na kabla Adongo hajagusa herufi, chumba kikaitikia wa tatu. Tukaanza tena. Safari hii alikuwa Rael peke yake, akajiziba mdomo kwa mikono yote miwili. Adongo akasema hawezi kushindana na mama yake aliyemfundisha tangu tumboni. Akachukua penseli, akaiuma kwa meno kama hatamu ya punda. Johnstone akawafukuza wengine wote waende wasimame nje penye nyasi. Akabaki yeye, ameuma tai yake. Ndivyo mistari kumi na saba ya Zaburi ilivyoingia kwa kompyuta: mama mmoja anasoma, msichana mmoja na penseli mdomoni, na mwalimu wa chuo kikuu anatafuna nguo.

Kisha kipimo. Mashine za wakati huo hazikuwa na haraka. Ilichukua dakika arobaini kupita Biblia yote. Wenzetu walirudi ndani wakasimama ukutani. Kwa kioo majina ya vitabu yalipita moja moja. Mwanzo. Kutoka. Ilipofika Ayubu, Adongo akanishika mkono. Zaburi ikakaa sana. Ikakaa mpaka Rael akaanza kuomba kwa sauti. Halafu Mithali ikatokea, na watu wakapumua, lakini Johnstone akainua kidole: bado. Isaya. Malaki. Mathayo. Ufunuo.

Printa ikalia. Karatasi ilitoka fupi, haikufika hata urefu wa kiganja. Johnstone akaisoma mara mbili, akanipa mimi.

Palikuwa na sifuri. Sifuri moja tu, katikati ya karatasi, mviringo kama yai.

"Haipungui hata mmoja," nikasema.

Sikujua nitafanya nilichofanya. Kwetu mtoto wa kiume akizaliwa tunapiga ngemi tano, vigelegele vya furaha, na mimi nilizipiga zote tano, kwa koo lile lile la Zaburi. Adongo akadaka, na akina mama wengine wakadaka, na vijana wakapiga meza. Mlango ukafunguliwa kwa kishindo, Kibet askari wa geti akaingia na rungu yake.

"Huu ni mkutano wa nani? Mna leseni?"

"Hatuna mkutano, Kibet," Johnstone akamwambia, machozi yanamtoka bila aibu. "Tumezaa."

Kibet akatuangalia mmoja mmoja, akaangalia kompyuta. "Mmezaa nini?"

"Kiswahili," Rael akasema, na akamvuta kwa mkono, akaandika neno "mlango" akamwonyesha inavyotafuta. Kibet akasahau rungu juu ya kiti. Akaomba "mchungaji". Akaomba "ng'ombe". Alipoona ng'ombe wanavyojaza kioo, akacheka mpaka kofia ikaanguka.

Kabla ya kunakili disketi, Johnstone alikaa kuandika ukurasa wa mwisho uliotakiwa na wale ndugu, majina ya waliofanya kazi na kila mtu alifanya nini. Aliandika yetu kumi na mawili. Alipofika langu vidole vyake vikasimama.

"Nduta wa nani, Mama?"

"Nduta tu. Wataniona."

"Na kazi? Niandike mzee wa kikundi? Mshauri?"

"Andika nilichofanya."

Akaandika, akageuza kioo nikione vizuri. Nikasogea karibu, nikaweka kidole chini ya herufi bila kugusa, nikasoma polepole kama ninavyosoma kila kitu: Nduta, msomaji.

"Iko sawa," nikamwambia. "Itume."