Koti Lenye Uzi Mwekundu

Nilimwona saa nne asubuhi mbele ya duka la vitasa, nikasahau hata kupumua. Mama wa makamo, koti la kiume la kijivu, mikono imekatwa ikashonwa upya kwa uzi mwekundu, sketi ya manjano, raba nyeupe. Na mwendo wake sasa! Lo!

Miaka sita nazunguka mitaani nikipiga picha za mavazi ya watu, na jalada la jarida sijawahi kulipata. Jana mhariri kanipa nafasi: "Kesho saa sita kamili picha iwe mezani, la sivyo nampa mwenzako."

Mimi simpangi mtu. Natangulia mbio, nampiga picha akija, ndipo naomba ruhusa. Nikampiga picha arobaini, mama akacheka, akakubali, akaenda zake. Nikarukaruka pale barabarani bila haya.

Simu ikalia. Dada yangu.

"Wewe, hii memori kadi kwenye kompyuta si ya kamera yako?"

Mungu wangu! Kumbe nilikuwa nabofya tu, hakuna picha hata moja. Nilijitukana matusi yote niyajuayo. Nikanunua kadi nyingine duka la simu, nikamfukuzia mama hadi nikamkuta sokoni, anachagua vifungo.

"Mama, samahani. Naomba upite tena vilevile."

Akasimama wima kama anapigwa picha ya kitambulisho.

"Tembea tu, mama."

"Si ndiyo natembea?"

Saa tano na nusu. Jasho likanitoka. Nikauliza koti ni la nani, basi tu nisilie.

"La marehemu mume wangu. Nimelikata mwenyewe, mimi ni fundi cherehani." Macho yakatua shingoni kwangu. "Na wewe, hiyo kola inayofumuka kakushonea nani? Mtu mzima unatembea hivi?"

Akachomoa sindano kwenye koti, uzi mwekundu akauuma kwa meno, akanivuta shati huku akinigombeza. Kamera ilikuwa kifuani. Nikabofya bila kuchungulia.

Mhariri aliitazama mara moja tu. "Hii ndiyo!"

Jarida lilipotoka nilimpelekea mama mbio. Hakujitazama usoni, alipitisha kidole juu ya koti pale jaladani.

"Baba watoto alikuwa hataki kabisa kupigwa picha," akasema, machozi na kicheko pamoja. "Leo nimemkomesha."