Bastola Niliyoihamisha Kabla ya Matokeo

Ilivuma mjini kwetu Ain Rumman, wiki mbili kabla ya matokeo ya tawjihi, mtihani wa kumaliza sekondari, kwamba wale askari wanaopita na karatasi za mawaidha hawakuja kumwaidhi mtu. Wamekuja kuhesabu bastola. Nilizisikia habari hizi kwenye foleni ya mkate, kwa mwanamke aliyezipata kwa wifi yake, na wifi yake alizitoa mji wa pili. Huko, walisema, mama mmoja alijisahau akamwambia askari, "ipo, lakini ni ya marehemu baba mkwe," na Alhamisi ileile mlango wake ukavunjwa, mumewe akapakiwa garini na nguo za kulalia. Jina la huyo mama hakuna aliyelijua. Nikarudi nyumbani na mikate yangu nikijiambia ni porojo, na kila nilipojiambia hivyo ndivyo zilivyozidi kuniganda.

Mimi ni Mama Wisam. Nimesoma mpaka darasa la sita, kwa hiyo nitaandika kama ninavyosema. Siandiki ili nionewe huruma. Naandika kwa sababu niliulizwa wazi, kwa upole, na mtu aliyenitakia mema, nami nikamdanganya.

Aliyeniuliza ni Sajenti Ibtihal, yule binti wa kituo chetu cha polisi ambaye kazi yake ni watu wa mitaani: shule, misikiti, mikutano ya kina mama. Alitukuta kwenye ukumbi wa chama chetu, wanawake kama thelathini, tunachambua mlenda wa kukausha. Akavua viatu, akakaa chini, akavuta fungu la mlenda akaanza kuchambua na sisi huku anaongea. Alitukumbusha mpira wa gesi, kwamba ukipasuka usiufunge kwa gundi. Akatukumbusha mifuniko ya visima. Akasema tusiwapakie watoto nyuma ya gari la wazi, na anayepiga simu kusema umeshinda zawadi, mkatie. Bibi mmoja, Mama Shihab, akamwambia, "Mwanangu, leo umetutia woga wa kila kitu isipokuwa waume zetu."

"Hao nimewaachia ninyi," Sajenti akajibu, na ukumbi mzima ukacheka.

Halafu akatoa karatasi ya ahadi. Siku ya matokeo, alisema, furaha ya nyumba hii haitakuwa na risasi. Anayekubali aandike jina na apewe stika ya kubandika mlangoni. Akasema mama mwenye silaha nyumbani na anayeiogopa siku ile, asiihamishe, asiifiche kwa ndugu. Aiache ilipofungiwa, ufunguo aufunge kwenye nguo yake mwenyewe mpaka siku ipite. Akiona hawezi, ampigie yeye, na siku hiyo hataulizwa kibali.

Hayo yote niliyasikia. Siwezi kusema sikuambiwa.

Jirani yangu Fayza alikuwa wa kwanza kuandika jina. Mimi nikamwinamia aliyekaa kando yangu nikamnong'oneza yale ya foleni ya mkate, kwamba hizo ni mbinu za kuhesabu. Naye akamnong'oneza wa pili. Maneno yalitembea na sinia ya mlenda, na karatasi ilipomrudia Sajenti ilikuwa na majina manne. Aliitazama, akaikunja, akashukuru.

Nilimsindikiza mpaka mlangoni kwa adabu ya mwenyeji. Pale, wenzangu hawasikii, akaniuliza.

"Mama Wisam, mwaka huu una mtahiniwa. Nyumbani kuna kitu?"

"Hakuna, mwanangu. Sisi ni watu wa mlenda."

"Kama kipo, sina haja ya kukiona. Nataka tu kiwe kimefungwa."

"Nimekwambia hakuna. Au nikuapie kwa Wisam?"

"Usimwapie mtoto," akasema, akavaa viatu vyake.

Ilikuwapo. Bastola ya baba mkwe wangu, ndani ya sanduku la chuma la mume wangu Khalaf, ambaye anaendesha lori la Aqaba na wiki nzima hayupo. Imelala humo miaka sita bila kumdhuru hata panya. Lakini usiku sikulala, kila gari likipita nasikia mlango unavunjwa. Kulipokucha nikafungua sanduku, nikaitia bastola na risasi zake kwenye foronya, nikaipeleka kwa kaka yangu Nayef.

Kaka yangu mnamjua kwa kelele zake, na asiyemjua nimwambie: Nayef alipiga risasi hewani kwenye harusi yake, kwenye tohara ya watoto wa binamu, na siku mbuzi wake aliyepotea alipopatikana. Mji mzima, miongoni mwa watu wote, huyo ndiye niliyemwona ni salama, kwa sababu ni wa tumbo moja nami.

Alipofungua foronya alicheka mpaka akakaa. "Dada, umemwachia fisi bucha."

Nikamwambia asiiguse mpaka matokeo yapite.

"Siku ya Wisam, mimi mjomba wake, nisimame mikono mitupu kama mgeni?"

Nikacheka. Uongo niliomwambia Sajenti naweza kuuelezea, niliogopa. Hicho kicheko siwezi kukielezea. Kilikuwa ruhusa, na wote wawili tulijua.

Matokeo yalitoka Alhamisi saa sita mchana. Wisam alishika simu akaogopa kuibonyeza, nikaibonyeza mimi. Tisini na moja. Nikapiga vigelegele mpaka koo likakauka. Magari yakaanza kupita yakipiga honi, vijana wametoka nusu mwili madirishani. Mtaa wetu ulikuwa na watoto saba waliofaulu, kwa hiyo milio ilitoka pande tatu. Wanawake wakajaa uani, nami nikatoka na sinia ya kunafa, ile keki ya jibini na sukari.

Nayef aliingia bila kubisha, akapanda ngazi moja kwa moja hadi juu ya paa. Nilimwona anainua mkono. Nilikuwa na nafasi ya kumwita jina, hatua zilikuwa kumi tu. Sikumwita. Nilipiga vigelegele vingine, na yeye akapiga risasi tatu.

Kelele ya Fayza ilikuja baada ya muda mfupi. Mwanzoni tulidhani naye anashangilia. Binti yake Judi, wa miaka tisa, alikuwa juu ya paa lao, nyumba ya pili kutoka kwetu. Risasi ilishuka ikamwingia begani kwa juu. Mtoto alidhani ameumwa na nyigu. Alishuka ngazi mwenyewe kwenda kumwonyesha mama yake.

Tulipotazama juu ya paa letu, Nayef alikwisha shuka na kutokea nyuma, yeye na alichokishika.

Polisi walipita nyumba zote saba. Kwetu alikuja Sajenti Ibtihal, akasimama kizingitini, safari hii hakuvua viatu. Akauliza kama kuna aliyepiga kutoka paa hili. Nikamwambia watu wote walipiga, nitajuaje mimi. Akayaandika maneno yangu kama nilivyoyasema. Hakunikunjia uso. Ingekuwa nafuu angenikunjia.

Jioni ile Nayef akaja na mashangazi wangu wawili. Walisema mengi, lakini yote yalikuwa haya: risasi haina jina, mtoto hajafa, na Wisam ameomba uuguzi wa jeshi. Familia ikiingia kwenye faili la polisi, hatachukuliwa. Kwa hiyo nitazame, nimwokoe nani. Nikatazama, nikaona wangu tu. Wisam alikuwa chumbani na mlango wazi, akayasikia yote. Akatoka akaniuliza, "Mama, ni yetu?" Nikamwambia akalale.

Nikanyamaza siku nne. Na katika siku hizo nne nilikwenda hospitali kila siku na supu ya dengu. Nilikaa kando ya kitanda, nikamshika Fayza mkono, nikamlaani aliyefanya. Nilimlaani kwa sauti, mbele ya watu. Fayza akaniambia hakuna ndugu yake wa damu aliyemfanyia nilivyomfanyia. Akawaambia na wauguzi.

Siku ya nne Fayza alitoka kwenda kuongea na daktari, kwa sababu mkono wa mtoto ulikuwa hauinuki kupita kifua. Nikabaki na Judi. Akaniuliza, "Khalto, Wisam alipata ngapi?" Khalto ndivyo wanavyotuita watoto wa majirani, mama mdogo.

Nikamwambia tisini na moja.

"Mama hakutaka kuniambia. Nilipanda juu nisikie kama honi ni zenu. Nilikuwa na peremende za kuwarushia."

Sikuweza kukaa. Nilitoka nikamkuta Fayza ukumbini, kwenye viti vya plastiki, mbele ya watu nisiowajua. Nikamwambia yote kwa mpigo: bastola ya nani, nani aliihamisha, nani aliipiga na kutoka wapi. Nilitegemea anipige. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Umejua tangu lini?"

"Tangu siku ileile."

"Siku nne," akasema. "Siku nne umekuwa ukiniletea supu."

Akaingia kwa mwanawe, akafunga mlango. Sufuria yangu aliiweka nje, ukutani.

Kutoka hapo nilikwenda kituoni kwa miguu, nikamwambia Sajenti Ibtihal kwamba nilimwongopea mara mbili. Akaniletea kiti. Akaandika upya, pole pole, akanisomea, nikatia sahihi. Nayef alichukuliwa kabla ya magharibi. Mashangazi wangu hawaji kwangu tena. Khalaf aliporudi kutoka Aqaba aliliangalia sanduku, akaniangalia mimi, akalala chumba cha wageni. Jina la Wisam halikutoka kwenye uuguzi. Sijui kama ni kwa sababu hii, hakuna aliyetuambia sababu. Wisam hajanilaumu. Mtu akimuuliza alipata ngapi, anasema "nilifaulu," anabadilisha mazungumzo.

Baada ya wiki mbili wanaume wetu walikwenda kuomba radhi kwa Marwan, mume wa Fayza, kama desturi. Wazee ishirini na wawili. Kahawa ikamiminwa, mkubwa wao akaweka kikombe chini bila kukinywa, akasema hatutakunywa mpaka tupewe tulichokuja kukiomba. Mimi sikuwapo, Khalaf ndiye aliyenisimulia, na alinisimulia akiwa amenipa mgongo. Marwan akakitazama kikombe kile. Akasema kwa upande wake amesamehe, na serikali ichukue haki yake kwa Nayef. Lakini mama wa mtoto ana sharti, na bila hilo kahawa ipoe. Sharti lenyewe halikuwahusu wanaume. Mama Wisam asimame kwenye ukumbi uleule, mbele ya wanawake walewale, aseme alichofanya.

Wazee wakakubali kwa niaba yangu, wakanywa.

Nilisimama. Wiki iliyopita, wote thelathini walikuwapo, Sajenti kando yangu, Fayza safu ya mbele, Judi kando yake na mkono umefungwa kifuani. Nilifungua mdomo nikasema "dada zangu," na kilichofuata hakikuja. Nilisimama mpaka Mama Shihab akaanza kunililia, na hilo ndilo lililomwinua Fayza.

"Msimlilie," akasema. "Kama hawezi kusema, aandike. Aweke jina lake, ibandikwe hapa na kwa mwoka mkate."

Ndiyo hii. Nimeiandika mara tatu, Wisam amenisahihishia herufi. Sehemu za aibu alitaka kuzipunguza, nikamkataza. Sajenti Ibtihal ameniomba nimalizie na mambo ya kuepuka, kwa maneno yangu, kwa sababu maneno yake mlikwisha yasikia na hamkuyatilia maanani, na aliyewafanya msiyatilie maanani ni mimi.

Epuka haya:

Usipige risasi hewani. Inarudi chini, na haichagui paa.

Usimwache ndugu yako apige ukiwa unatazama. Mwite jina.

Usihamishe silaha iliyofungiwa. Iache ilipo, ufunguo ubaki mwilini mwako.

Usimpe silaha mtu kwa sababu tu ni wa damu yako.

Usibebe maneno ya foleni. Kama hujui jina la aliyetendewa, nyamaza.

Usimdanganye askari aliyekuja bila kuulizia kibali.

Usipigie vigelegele bunduki.

Ikitokea, usingoje. Sema siku ileile, kabla hujapika chochote cha kumpelekea mgonjwa.

Usiwaache watoto juu ya paa siku ya matokeo wala siku ya harusi, mpaka hapo tutakapokuwa tumeacha.