Karatasi za Uwanja wa Ihumwa

Mimi sina subira na watu wasiotunza karatasi. Miezi mitatu nilizunguka Ihumwa nzima nikitafuta nyaraka za mwanzo za uwanja wetu wa mpira, na kila nyumba niliambiwa zimeliwa na mchwa. Mzee Zablon, golikipa wetu wa kwanza, nilimgombeza mbele ya wajukuu zake kwa kupoteza daftari la timu. "Nisamehe, Mwalimu," alisema, utadhani bado nashika fimbo.

Nilikuwa na haraka yangu. Jumamosi mkutano wa mtaa ungeupa uwanja jina, nami nilitaka liwe la baba yangu, Hashimu, katibu wa kwanza wa timu. Tangu utotoni niliamini yeye ndiye aliyeutoa. Nilikuwa na picha moja tu: vijana kumi na mmoja peku, magoli ya miti ya porini, na baba pembeni, kalamu mfukoni. Kila nikiitazama nilisikia harufu ya vumbi la Juni, na sauti yake akiita majina ya wachezaji. Namkumbuka mno mzee yule.

Ijumaa asubuhi akaja Loisi, niliyesoma naye, kashika daftari kuukuu la sayansi.

"Ni lako," alisema. "Uliniazima darasa la sita ninakili, sikurudisha. Nimeona unakusanya vya zamani."

Nilicheka. Tukanywa chai, akaaga, nikabaki nalichezea lile jalada. Enzi zile tulijalidia madaftari kwa karatasi yoyote iliyopatikana nyumbani, tukigeuza maandishi ndani ili nje pawe safi, tukabandika kwa ugali. Kona moja ilikuwa imebanduka. Ndani niliuona mwandiko wa baba.

Nilibandua taratibu. Yalikuwa makubaliano ya mwaka 1966. Bi Paskazia, mjane, ametoa shamba lake la uwele liwe uwanja. Timu nayo itampalilia shamba lake la pili kila msimu, maisha yake yote. Chini palikuwa na alama ya dole gumba lake, na baba amesaini kama shahidi tu.

Nyani haoni kundule. Karatasi niliyowagombezea watu mtaa mzima niliichana mwenyewe kufunikia daftari.

Nikakumbuka nilivyokuwa nikiwapelekea maji wachezaji, wamejipanga na majembe, wanaimba. Nilidhani ni mazoezi. Baba alipofariki, palizi ile ikakoma. Bi Paskazia, bibi yake Loisi, akawa anaingia uwanjani katikati ya mechi akilalamika kwamba wanamkanyagia uwele wake. Tulikuwa tunacheka mpaka machozi.

Nani angejua? Loisi mwenyewe hakujua amebeba nini. Nilikaa na karatasi ile siku nzima, nikimwonea baba huruma kwa ahadi iliyokufa naye, na kujionea mimi pia.

Jumamosi mwenyekiti, Bwana Kefa, alinikaribisha nieleze baba yangu alikuwa nani. Nilisimama nikasoma makubaliano yote, tangu tarehe hadi dole gumba. Kisha nikasema jalada lile nililikata mimi.

Loisi alikuwa safu ya pili, amekunja mikono mapajani.

"Bibi alikuwa anatuambia haya," alisema. "Siku za mechi tulimfungia ndani, asituaibishe."

Niliiacha meza ya mbele, nikaenda kukaa kando yake.