Ndama Aliyegeuza Kichwa

Britta ni mtoto wa mdogo wangu. Alipoingia chuo kikuu alianza kuja kwetu kila Jumamosi, na hakuja kwa ajili yangu, alikuja kwa ajili ya Daktari Dale Lubbers. Chuo cha udaktari wa mifugo, alichotaka kuingia baada ya hapo, hakimpokei mtu kwa alama nzuri peke yake. Kinataka uwe umefuatana na daktari, umelowa naye damu na mavi, kisha daktari huyo akuandikie barua ya kukupendekeza. Na wilaya yetu ilikuwa na daktari wa ng'ombe mmoja tu. Basi Britta alizunguka naye mashambani kutwa nzima, jioni akaketi mezani kwangu na vitabu vyake vya kemia, ananuka zizi.

"Mama mkubwa, usinisogelee. Leo tumepasua jipu."

"Nenda kaoge kwanza ndipo ule."

"Nikioga nitalala. Nipe hivyo viazi nile huku nasoma."

Lubbers alimpenda. Alimwambia mume wangu, Verlyn, "Huyu ndiye mrithi wangu. Wenzake wote wanataka kutibu vijibwa vya mjini."

Februari moja ya baridi kali, Verlyn akiwa ameenda kutafuta kipuri cha mashine ya kukamulia, ng'ombe wetu Trudi alishikwa na uchungu. Chupa ilipasuka, kwato mbili zikatokeza, lakini pua ya ndama, inayopaswa kuzifuata, sikuiona. Nikapiga simu hapo hapo. Lubbers alikuja na Britta, naye daktari amenuna, kwa sababu kulikuwa na shamba jingine linamsubiri.

"Ingiza mkono, uniambie," alimwambia Britta.

Britta alivua koti katika baridi ile, akaingiza mkono mpaka begani, akafumba macho. "Kizazi ni kizima. Miguu ya mbele iko njiani. Kichwa kimegeukia nyuma, upande wa kushoto. Yuko hai, nimemfinya akavuta mguu."

"Vizuri. Toa mkono."

Nilidhani daktari atamrudisha ndama ndani kidogo na kukinyoosha kichwa, maana nimemwona akifanya hivyo mara nyingi. Ni kazi ya subira, inachosha mkono. Lakini alitazama saa, akafunga minyororo kwenye miguu ya ndama, akaweka mashine ya kumvuta ndama nje.

"Daktari, kichwa bado."

"Kitajinyoosha chenyewe. Wewe shika mkia."

Hakikujinyoosha. Trudi alitoa mlio ambao sikuwahi kuusikia kwa ng'ombe, kisha damu ikaja kwa wingi. Ndama alitoka amekufa. Mama yake alilala ubavu, naye hakuinuka tena.

Verlyn alifika wakati Lubbers anaosha buti zake.

"Imekuwaje tena?"

"Mmechelewa kuniita," alisema Lubbers bila kumtazama mtu. "Nimekuta kizazi kimeshapasuka."

Verlyn akanigeukia. "Ardis, ulikuwa unafanya nini humu ndani?"

Nilimwambia nilipiga simu mara tu nilipoona kwato. "Daktari ameshasema," akajibu. Britta alisimama pale, mkono wake mwekundu mpaka begani, kisha akainama kukusanya minyororo. Jumapili, watu wakinywa kahawa baada ya ibada, Verlyn aliwaambia kaka zake kwamba ng'ombe alikuwa anakufa na mimi natazama televisheni. Wakacheka. Nilikuwa nimesimama nyuma yao na sahani.

Jumamosi iliyofuata Verlyn aliendelea hata mezani. "Britta, mnunulie mama yako mkubwa saa. Labda atajua wakati wa kupiga simu."

Britta akaweka uma chini. "Hakuchelewa, baba mkubwa. Mkono wangu ulikuwa mle ndani. Kizazi kilikuwa kizima. Kimepasuka daktari alipovuta."

"Wewe mwanafunzi tu."

"Ndiyo, mwanafunzi. Lakini kitu kizima nakijua, na kilichopasuka nakijua."

Nilimkanyaga chini ya meza. "Nyamaza, mwanangu. Unaihitaji barua yake."

"Najua, mama mkubwa," alisema.

Verlyn hana kifua cha kuweka neno. Alimwuliza Lubbers habari hiyo kwenye duka la chakula cha mifugo, mbele za watu. Lubbers akacheka, akasema kasichana kale hakawezi kutofautisha kizazi na gunia. Juma halikuisha akampigia Britta simu kwamba hawezi kumbeba tena kwenye gari. Mambo ya bima, alisema.

Nilimfuata Lubbers nyumbani kwake. "Dale, mtoto amekufanyia kazi miaka yote hii. Mwandikie barua."

"Niandike nini? Kwamba anajua kutunza siri za kazi?"

"Andika kwamba alikwambia kichwa kimegeuka."

Alimwaga masalio ya kahawa yake kwenye ngazi za mlangoni. "Kuna kingine nikusaidie, Ardis?"

Britta alipata barua ya daktari mmoja wa paka na mbwa, aliyekuwa hamjui vizuri. Hakuchukuliwa. Akaomba tena mwaka uliofuata, wakamwita kwenye usaili, wakamwuliza kwa nini yule daktari aliyekaa naye muda mrefu hakumpendekeza. Akawaambia walitofautiana juu ya ng'ombe aliyekuwa anazaa. Wakamshukuru, na hawakumchukua. Siku hizi anapima maziwa kwenye kiwanda cha jibini, na nikimwuliza habari za kazi anasema si mbaya.

Verlyn hakuniomba radhi hata mara moja. Na aliendelea kumwita Lubbers. "Nimwite nani mwingine?" Ila sasa Lubbers alitupitia sisi mwisho, baada ya wote, na kila tulipokaa kumsubiri, Verlyn alinung'unika, "Britta na mdomo wake ametuponza."

Lubbers alipostaafu walimwandalia sherehe kwenye ukumbi wa zimamoto. Alisimama kando ya keki akasema ametafuta wa kumrithi mpaka amechoka, hakuna. Vijana wa leo hawataki kazi ya kuchafuka, alisema, wanataka ofisi yenye joto. Wazee wakatikisa vichwa kwa huzuni. Verlyn, kando yangu, alipiga makofi kwa nguvu kuliko wote.

Nikamwomba funguo za gari. Akaniambia nisubiri, keki bado haijakatwa.