Swali la Ngazi

Swali lilikuwa moja tu, na Chizuru alilijua hata kabla hajaulizwa na mhudumu wa treni ya kuporomoka kwenye bustani ya michezo. Treni ikikwama juu, mgeni wetu, utaweza kushuka ngazi kwa miguu yako? Ukisema hapana, hupandi. Miaka yote Chizuru alisema hapana, kwa adabu, akabaki chini kwenye kiti chake cha magurudumu akiwashikia wenzake kofia na mikoba kama msumari wa ukutani.

Siku hiyo akasema, "Ndiyo, naweza."

Baba yake, mzee Tetsuji, alikohoa. Chizuru akajivuta kwa mikono hadi siti ya mbele kabisa, baba akakaa ubavuni, chuma cha kuwazuia wasianguke kikashuka vifuani mwao.

Treni ikapanda, ikapanda tena. Kileleni, pale ambapo ilibaki kuporomoka tu, ikasimama kimya.

Kipaza sauti kikaomba radhi mara nne. Kisha mhudumu msichana, Shiori kwa mujibu wa kibandiko chake, akapanda ngazi za chuma zilizoambatana na reli.

"Samahani sana, wageni wetu. Tutashuka kwa miguu, tukianza na siti ya mbele."

Nyuma ya Chizuru kulikuwa na watu ishirini na wawili, na hakuna hata mmoja aliyenung'unika. Afadhali wangenung'unika! Chini, watu walionekana kama punje za mchele. Ngazi zilikuwa na matundu, na upepo ulizitikisa.

"Amechoka kidogo tu," mzee Tetsuji akamwambia Shiori. "Nitambeba mgongoni."

"Baba, una miaka sabini na minne."

"Nilikubeba ukiwa shule ya msingi."

"Nilikuwa na kilo ishirini! Na goti lako je?"

"Goti langu halikuhusu. Panda, watu wanasubiri."

Alikwisha kugeuka na kuchuchumaa, mgongo tayari, na goti lile likatetemeka mbele ya macho ya binti. Hapo ndipo Chizuru alipoogopa kweli. Akawaona wote wawili wakibiringika kwenye ngazi zile kwa sababu ya neno moja alilolisema chini, na yote hayo ili baba amwepushe na aibu mbele ya watu.

"Dada," akamwambia Shiori. Akapaza sauti, siti zote zikasikia. "Nilidanganya. Siwezi kutembea. Sijawahi."

Shiori akabadilika rangi, kisha akainama. "Tumeelewa. Utasubiri waokoaji hapa. Mimi sitaondoka."

Basi wengine wakapita mmoja mmoja, wakijibana kando ya siti yake, na kila mmoja akainamisha kichwa: "Utuwie radhi kwa kukutangulia." Ndiyo desturi ya Japani, hata jioni ofisini anayeondoka kwanza husema hivyo. Lakini kuisikia mara ishirini na mbili kutoka kwa watu uliowachelewesha ni kama kumwagiwa chumvi kidondani.

"Na wewe shuka, Baba."

"Nikuache hapa? Una wazimu?"

"Shuka nikiwa bado nina ujasiri wa kukuambia."

Mzee akamtazama sana. Akashuka kinyumenyume, mikono miwili kwenye chuma, macho kwake, mpaka kichwa chake cha mvi kikatoweka.

Upepo ukazidi. Chizuru aliogopa mpaka meno yakagongana, wala hakuificha hofu yake, akamshika Shiori mkono. Ndipo akatazama chini.

Baba yake alikuwa amesimama mwisho wa ngazi. Wale ishirini na wawili walikuwa bado wamekusanyika pale, naye alimwinamia kila mmoja hadi kiunoni, akiomba radhi kwa niaba ya binti yake.

"Baba!" Chizuru akapiga kelele. "Acha! Kosa ni langu! Baba!"

Upepo ulichukua sauti yote. Mzee akainama tena.